Ufunguo mmoja, vifaa vitatu: historia fupi ya rimoti ya gari

Wiki hii tunaweka kando mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumze juu ya kompyuta ndogo kuliko zote ulizo nazo, ile unayoitia mfukoni pamoja na sarafu na kuisahau mpaka siku inapogoma. Nazungumzia rimoti ya gari.

Ukisomea kompyuta halafu uishi Meru, watu watakuletea kila kitu chenye betri: rimoti ya televisheni, kikokotoo cha mtoto, simu iliyotumbukia kwenye ndoo. Lakini swali linalorudi zaidi ni hili: "Rimoti ya gari imekataa. Ni betri, ama inataka kuprogramiwa?" Siku hizi najibu kwa swali lingine: ni nini hasa kimekataa? Milango haifunguki, ama injini haiwaki? Wengi hushangaa, kwa sababu kwao ule ni ufunguo mmoja. Si mmoja. Ndani ya ile plastiki nyeusi kuna vifaa vitatu vilivyobuniwa miaka tofauti, na watu tofauti, kwa sababu tofauti, na mara nyingi havijuani kabisa. Ukijua historia ya kila kimoja, utajua kilichokufa ni kipi hata kabla hujashika bisibisi.

Hili si jambo la anasa. Mwenye Probox ya kubeba abiria kutoka Maua hadi Meru mjini akikwama asubuhi, mapato ya siku yamekwenda. Akiangukia mikononi mwa mtu asiyejua, au anayejua lakini hataki kusema, atalipa maelfu ya shilingi "kuprogramu" kitu kilichohitaji betri ya bei ya chai na chapati. Basi twende polepole, tuanze na kifaa cha kwanza.

1. CHUMA

Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa kuzungusha mtaimbo mbele, kazi iliyovunja mikono ya watu wengi. Charles Kettering wa Marekani akabuni starta ya umeme, na Cadillac ikaanza kuuza magari yenye starta hiyo mwaka 1912. Hata hivyo ufunguo bado haukuwasha gari: ulifungua umeme tu, halafu dereva akabonyeza kitufe au kukanyaga pedali ya starta. Ni mwaka 1949 ambapo Chrysler ilileta mtindo tuliouzoea, wa kutia ufunguo na kuuzungusha mpaka injini iwake.

Kwa miongo kadhaa baada ya hapo ufunguo ulikuwa chuma kitupu. Wazee wetu walioendesha Land Rover na Peugeot 504 hapa Kenya walikuwa na matatizo mawili tu ya ufunguo: kupotea na kulika. Ukilika sana hufungui gari lako, ila huenda ukafungua la jirani. Usalama wa gari zima ulikuwa kwenye meno ya kipande cha chuma ambacho fundi yeyote mwenye tupa angeweza kukichonga.

Chuma hiki hakijaondoka. Hata rimoti mpya kabisa, zile za kubonyeza kitufe cha kuwashia, zina upanga mdogo wa chuma uliofichwa ndani, na kwa kawaida kuna kidude pembeni ukikisukuma upanga unachomoka. Magari mengi ya namna hii yana tundu la ufunguo kwenye mlango wa dereva, wakati mwingine limefunikwa na kikava cha plastiki. Watu wengi wanaishi na gari miaka mitano bila kujua. Litafute leo, siku ambayo hulihitaji.

2. CHIPU ISIYOHITAJI BETRI

Kifaa cha pili ndicho kinachowachanganya watu kuliko vyote, kwa sababu hakionekani na hakina kitufe.

Mwaka 1986 General Motors iliweka kwenye Chevrolet Corvette ufunguo wenye rezista ndogo iliyoonekana wazi juu ya chuma. Gari lilipima ukinzani wa rezista hiyo kabla ya kukubali kuwaka. Kulikuwa na vipimo 15 tofauti. Yeyote aliyesoma programu atacheka: nenosiri lenye uwezekano 15! Mwizi mwenye rezista 15 mfukoni alihitaji subira tu. Lakini wazo lilikuwa zuri: kuchonga chuma pekee hakutoshi, sharti ufunguo ujitambulishe kwa umeme pia.

Wazo hilo lilikomaa Ujerumani. Baada ya ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989 na mipaka ya mashariki kufunguka, wizi wa magari ulipanda sana, na kampuni za bima zikachoka kulipa. Zikasukuma watengenezaji waweke imobilaiza, yaani mtambo unaoizuia injini kuwaka mpaka ufunguo utambuliwe. Kufikia mwaka 1998 Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imefanya imobilaiza kuwa lazima kwa magari mapya.

Inafanyaje kazi? Kuzunguka tundu la kuwashia kuna koili ya waya. Ukitia ufunguo, koili hiyo inatoa mawimbi ya masafa ya chini, karibu kilohezi 125, na mawimbi hayo yenyewe ndiyo yanayoipa umeme chipu iliyofichwa kichwani mwa ufunguo. Chipu inaamka, gari linaiuliza swali la hesabu, chipu inajibu, injini inaruhusiwa. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na bila betri yoyote. Ni jamaa wa ile kadi unayoigusisha mlangoni pa ofisi.

Kwa hiyo shikeni kanuni ya kwanza: kwa ufunguo wa kutia na kuzungusha, betri ya rimoti ikifa, gari bado linawaka. Ukiona injini haiwaki na taa ya alama ya ufunguo au kufuli inametameta kwenye dashibodi, usikimbilie kununua betri ya rimoti. Kesi hiyo ni ya chipu au ya koili.

Nitoe mfano. Jamaa mmoja wa Nkubu alikuwa na ufunguo uliopasuka kava. Akanunua kava mpya, fundi wa barabarani akahamisha ubao wa saketi na betri, akachonga chuma kipya, kava ya zamani ikatupwa kwenye takataka. Milango ikafunguka vizuri kabisa. Injini ikagoma. Wakabadilisha betri ya rimoti mara mbili, wakachaji betri ya gari, wakaanza kuzungumzia kununua kompyuta nzima ya gari. Kumbe chipu ya imobilaiza haikuwa kwenye ubao wa saketi. Ilikuwa kipande cheusi kidogo kuliko punje ya mahindi, kimenata ndani ya kava ya zamani. Takataka ilikuwa bado haijachomwa, wakachakura, wakakipata, gari likawaka. Ingekuwa imechomwa, angelipia chipu mpya pamoja na mtu mwenye mashine ya kuitambulisha kwa gari. Basi ukibadilisha kava, tafuta kwanza chipu iko wapi. Kuna funguo ambazo chipu iko kwenye ubao, na kuna ambazo iko peke yake pembeni.

Kwa upande wa usalama, chipu hizi hazikuwa salama kama ilivyodaiwa. Moja iliyoenea sana ilikuwa ya Texas Instruments, yenye ufunguo wa siri wa biti 40, yaani uwezekano wa trilioni moja na kidogo. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA walionyesha kwamba wanaweza kuupata ufunguo huo kwa chini ya saa moja, wakawasha gari la Ford kwa chipu bandia. Kompyuta zilikuwa zimekua, biti 40 zikabaki 40.

3. REDIO YENYE VITUFE

Sasa tufike kwenye kifaa chenyewe ambacho watu hukiita rimoti. Hiki ndicho pekee kinachohitaji betri kwenye ufunguo wa kuzungusha, na kazi yake ni milango na alamu tu.

Kilianzia Ufaransa. Renault Fuego, tangu mwishoni mwa mwaka 1982, ndilo gari linalotajwa kuwa la kwanza kuuzwa likiwa na rimoti ya kufunga milango yote. Mbunifu wake aliitwa Paul Lipschutz, na hadi leo Wafaransa huita rimoti ya gari "plip" kutokana na jina lake. Hiyo ya kwanza haikuwa redio bali mwanga wa infraredi, kama rimoti ya televisheni. Ilibidi uilenge kwenye kipokezi, na kipokezi kikichafuka matope kazi imekwisha. (Fikirieni barabara za Igembe wakati wa mvua.) Mercedes ilitumia infraredi kwenye magari yake hata miaka ya 1990.

Redio ilishinda kwa sababu haihitaji kulengwa. Lakini redio ilileta tatizo jipya, na hapa ndipo hadithi inakuwa tamu kwa sisi waandika programu. Rimoti za redio za mwanzo zilituma msimbo uleule kila unapobonyeza. Mwizi alikaa kwenye maegesho na kipokezi, akarekodi, ukiondoka akacheza alichorekodi, mlango ukafunguka. Hakuhitaji kuelewa msimbo. Alihitaji kuurudia tu.

Suluhisho lililoenea sana duniani lilitoka Afrika. Katikati ya miaka ya 1980, kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini ilibuni mfumo unaoitwa KeeLoq: Frederick Bruwer alisanifu mfumo, Gideon Kuhn akaandika hesabu ya usimbaji, na Willem Smit akaitia kwenye silikoni. Mwaka 1995 Microchip ya Marekani iliununua kwa dola milioni 10, na baada ya hapo ukaingia kwenye rimoti za magari ya kampuni nyingi, alamu na mageti ya umeme kila pembe ya dunia. Naona ajabu kwamba jambo hili halisemwi zaidi.

Wazo lake ni rahisi. Rimoti na gari wana siri moja, na kila mmoja anaweka hesabu ya mibonyezo. Ukibonyeza, rimoti inaongeza hesabu kwa moja, inaifunga kwa siri ile, inatuma. Gari linafungua, linaangalia: hesabu hii iko mbele ya ile ya mwisho niliyoiona? Kama ndiyo, fungua mlango. Kama ni ileile au ya nyuma, nyamaza. Ni kama zile namba za mara moja ambazo benki hukutumia kwa simu: ukishaitumia imekufa, hata akiiona mtu haimsaidii.

Na je, mtoto akibonyeza rimoti nyumbani gari likiwa mbali? Hesabu ya rimoti inaenda mbele, ya gari inabaki. Wabunifu waliliona hilo. Kwenye KeeLoq, ikiwa rimoti imetangulia kwa mibonyezo isiyozidi 16, gari linakubali mara moja. Ikiwa imetangulia zaidi ya hapo, gari linakataa mbonyezo wa kwanza, linasubiri wa pili, na likiona hizo mbili zimefuatana linakubali na kusawazisha hesabu. Ndiyo maana ile tabia ya kubonyeza mara mbili ukiwa karibu na gari hufanya kazi. Si ushirikina. Imeandikwa kwenye mfumo. Magari yasiyotumia KeeLoq yana mifumo yao, lakini mantiki ni jamaa moja.

Mnaona pia kwa nini kubadilisha betri, kwa rimoti nyingi, hakuhitaji kuprogramu upya: hesabu na siri vimehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Mtu akikuambia "ukitoa betri rimoti inasahau gari," muulize ni ya gari gani, na akuonyeshe kwenye kitabu cha gari.

KeeLoq nayo ilianguka. Hesabu yake ilikuwa siri ya kampuni, na mwaka 2006 maelezo yakavuja mtandaoni. Watafiti wa Leuven, Haifa, Yerusalemu na Bochum wakaingia kazini, na kufikia mwaka 2008 kundi la Bochum lilionyesha kwamba ukishatoa siri kuu ya mtengenezaji kutoka kwenye kipokezi kimoja, unaweza kunakili rimoti yoyote ya mtengenezaji huyo kwa kusikiliza mibonyezo isiyozidi miwili. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri usitegemee kufichwa kwa mtambo, utegemee ufunguo peke yake. Watengenezaji wa funguo ndio waliochelewa kumsikia.

KUTOKA JAPANI HADI MAKUTANO

Sasa kwa nini rimoti zetu zina tabia zake? Kwa sababu magari yetu mengi hayakutengenezewa sisi. Tangu soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, sehemu kubwa ya magari yanayoshuka Mombasa ni mitumba ya Japani, na kanuni ya KS 1515:2000 ya Shirika la Viwango inazuia yaliyozidi miaka 8. Gari linafika Makutano na redio ya Kijapani, maandishi ya Kijapani, na mara nyingi ufunguo mmoja tu.

Redio mnaijua vizuri. Japani walitenga megahezi 76 hadi 90 kwa FM (baadaye wakaongeza hadi 95), sisi tunatumia 88 hadi 108. Ndiyo maana gari jipya linanyamaza vituo vingi mpaka ufungiwe ekspanda. Wachache wanajua kwamba rimoti ina hadithi hiyohiyo. Ulaya walichagua megahezi 433.92 kwa rimoti, na kanda hiyo ndiyo iliyotengwa kwa vifaa vidogo katika eneo letu la Umoja wa Mawasiliano ya Simu Duniani, yaani Ulaya na Afrika. Japani, sheria ya redio inaruhusu kifaa kidogo kurusha bila leseni, lakini nguvu inayoruhusiwa inashuka ghafla ukivuka megahezi 322. Chini ya hapo ni maikrovolti 500 kwa mita, ikipimwa umbali wa mita 3. Juu ya hapo ni 35 tu. Ungekuwa mhandisi wa Toyota ungefanya nini? Ungekaa chini ya 322. Ndivyo walivyofanya: rimoti za Kijapani ziko karibu megahezi 312 hadi 315.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, rimoti ya Kijapani ilibuniwa kurusha kwa nguvu ndogo sana, kwa hiyo kufungua ukiwa hatua chache tu kutoka kwenye gari si lazima uwe ugonjwa. Usiilinganishe na rimoti ya gari la Ulaya la jirani. Pili, tofauti na FM, hapa huhitaji ekspanda, kwa sababu rimoti na kipokezi vilikuja pamoja na vinaelewana. Tatizo linaanza ukinunua rimoti ya pili. Inaweza kufanana kabisa, vitufe vilevile, nembo ileile, lakini ni ya 433 kwa sababu ilitengenezewa soko lingine. Hiyo hakuna fundi atakayeiprogramu ikubali. Kabla hujalipa, hakikisha masafa yanalingana na namba zilizoandikwa kwenye ubao wa saketi. Mwenye laptopu anaweza kujionea mwenyewe: vile vidude vya bei nafuu vya kupokea televisheni vyenye chipu ya RTL2832U, ambavyo tangu mwaka 2012 vimekuwa redio ya kila mwanafunzi, vinapokea masafa yote mawili. Bonyeza rimoti, uone mstari ukiruka kwenye skrini.

Kisha kuna tabaka la Kenya yenyewe: alamu zinazofungiwa hapa baada ya gari kushuka. Hizo zina rimoti yake tofauti na waya zake zilizokatiza kwenye starta au pampu ya mafuta. Nyingi hutumia betri ndogo ya volti 12, ile ya 23A au 27A yenye umbo la pipa. Kama una alamu ya namna hii, rimoti yake inaweza kuzuia injini kuwaka ingawa chipu ya Toyota ni nzima. Ni mtu wa nne katika kesi ya watu watatu.

BETRI YENYEWE

Betri nyingi za rimoti ni za lithiamu zilizoingia sokoni miaka ya 1970 kutoka Japani, kwanza kwa ajili ya saa na vikokotoo. Jina lake ni maelezo kamili. CR2032: C ni kemia, lithiamu na dioksidi ya manganizi, R ni umbo la duara, 20 ni kipenyo kwa milimita, 32 ni unene, milimita 3.2. Volti 3. CR2016 ina kipenyo kilekile lakini unene wa milimita 1.6.

Hapo kuna mtego. Nimeona watu wakikosa 2032, wakipanga 2016 mbili juu ya nyingine kwa sababu unene unatimia. Unene unatimia kweli, lakini volti zinakuwa 6, na saketi ya volti 3 inaweza kuungua. Usifanye hivyo hata kwa dakika moja.

Betri hizi hushikilia volti 3 karibu maisha yake yote, halafu huporomoka ghafla mwishoni. Ndiyo maana rimoti haikupi onyo la muda mrefu. Na baridi huongeza ukinzani wa ndani wa betri. Betri iliyochoka inaweza kugoma alfajiri ya Julai kule Timau, kisha ikafanya kazi saa sita mchana mjini. Mtu anasema "imejirekebisha." Haijajirekebisha, inaaga.

Jambo la mwisho hapa ni zito kuliko mengine yote. Betri hii mtoto akiimeza inaweza kukwama kooni na kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu, kwa umeme wake, hata kama ilishakuwa dhaifu kwa rimoti. Milimita 20 ndiyo saizi mbaya zaidi. Marekani walipitisha sheria juu ya betri hizi mwaka 2022 kwa sababu ya vifo vya watoto. Betri ya zamani usiiache mezani. Ukishuku mtoto amemeza, usingoje dalili na usimtapishe: nenda hospitali saa hiyohiyo.

TUTAFUTE KOSA

Sasa tufanye kama tunavyofanya kwenye programu: tugawe tatizo mpaka kosa likose pa kujificha.

1. Injini inawaka ila milango haifunguki kwa rimoti? Chuma na chipu ni wazima. Tatizo ni redio au betri yake.

2. Jaribu ufunguo wa pili kama unao. Wa pili ukifanya kazi, kosa liko kwenye rimoti ya kwanza. Zote mbili zikigoma kwa pamoja, kosa karibu hakika liko kwenye gari: betri kubwa imeshuka, fyuzi imekatika, au kipokezi. Betri mbili za rimoti hazifi siku moja.

3. Angalia kama mlango mmoja uko wazi au ufunguo mwingine uko kwenye tundu la kuwashia. Magari mengi hupuuza rimoti katika hali hiyo makusudi.

4. Fungua kava kwa ukucha au bisibisi bapa kwenye kijitundu chake, si kwa nguvu. Kumbuka upande wa alama ya kuongeza uliangalia wapi. Pima betri: mpya husoma volti 3 na zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 2.8 ibadilishe. Ikisoma 3 usiiamini bado, kwa sababu mita haiivuti umeme kama rimoti inavyovuta. Jaribu nyingine mpya, iliyofungwa kwenye pakiti yake na si iliyokaa juani kibandani mwaka mzima.

5. Betri mpya na bado? Safisha vyuma vinavyoigusa kwa spiriti, viinue kidogo kama vimelala. Angalia kutu ya kijani, hasa kama rimoti iliwahi kufuliwa pamoja na suruali. Angalia kama kitufe kimeng'oka kwenye ubao. Hicho fundi wa simu anakichomea kwa dakika tano.

6. Simama karibu na gari, bonyeza mara mbili mfululizo. Ikikubali, hesabu ilikuwa imepishana tu.

7. Inagoma mahali pamoja tu, mahali pengine iko sawa? Kuna kitu pale kinarusha kwenye masafa hayo. Kinaweza kuwa mtambo mbovu wa jirani, au kinaweza kuwa mwizi mwenye kizuizi. Mwaka 2015 Samy Kamkar alionyesha kidude cha dola 32 hivi kinachozuia na kurekodi msimbo kwa wakati mmoja. Dawa ni ya kale: ukifunga gari, vuta mkono wa mlango kabla ya kuondoka.

8. Gari la kitufe cha kuwashia, ambalo mfumo wake ulianza kuuzwa na Mercedes mwaka 1998, lisipokuona, toa ule upanga wa chuma ufungue mlango. Kisha kanyaga breki, gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, na ubonyeze. Toyota nyingi na Nissan nyingi zitawaka hivyo. Ni ile chipu isiyohitaji betri, bado iko kazini.

Ni baada ya hatua hizi zote ndipo neno "kuprogramu" linaingia, na lina mahali pake: ufunguo umepotea, chipu imevunjika, au umenunua rimoti nyingine ya masafa sahihi. Fundi anayefanya kazi hiyo vizuri anastahili malipo yake, na mashine zake si rahisi. Ila mtu akikuambia ufunguo umekufa, muulize ni kipi kati ya vitatu: chuma, chipu, ama redio. Akishindwa kujibu, chukua ufunguo wako uende kwa mwingine.

Kwa leo tuishie hapo. Mkivuka ikweta pale Nkubu, vuteni mkono wa mlango kabla ya kushuka kupiga picha.